Posa Mikononi mwa Msichana

Aliyesoma fasihi katika sekondari za Tanzania anaijua orodha. Dhamira ya kwanza ukombozi, ya pili nafasi ya mwanamke katika jamii, kisha, mahali fulani kabla ya rushwa, mapenzi na ndoa. Hiyo nayo hugawanywa mara mbili, mapenzi ya kweli na mapenzi ya uongo, kila upande na mfano wake, na mtihani umekwisha. Mimi ni zao la orodha hiyo. Nilikua nikijua kwamba hadithi ya mapenzi ni kitu cha kufichwa chini ya dawati, na kwamba riwaya hasa ni ile yenye bandari, mgomo na mkoloni. Kuli ya Shafi Adam Shafi ilinitosha. Jane Austen nilimkuta ukubwani, nikamfungua shingo upande kwa kukosa kingine cha kusoma, na nilipofika katikati ya Pride and Prejudice sikuwa tena mtu wa kusemeshwa.

Si mabusu yaliyonishika. Katika riwaya hiyo ya 1813 wapenzi hawabusiani mbele ya msomaji. Kilichonishika ni upelelezi. Kwetu pwani barua ya posa ikishafika, imefungwa katika kitambaa na kuletwa na mshenga, wazee huipokea, hushukuru, na huomba siku za kufikiri. Siku zile si za kufikiri hata kidogo; ni za kuuliza. Mtu hutumwa msikitini, mwingine kazini kwa kijana, mwingine kwa jirani zake wa zamani. Anakunywa? Ana mke Muheza asiyemtaja? Mama yake mzazi anamsemaje? Na lipo swali ambalo shangazi mwenye akili haliachi: anawatendeaje watu wasioweza kumfanya kitu, mpishi, utingo, mlinzi wa getini?

Sasa mtazame Elizabeth Bennet, msichana wa miaka 20, akiingia Pemberley, jumba la Bwana Darcy huko Derbyshire, kama mgeni aliyekuja kutazama nyumba. Mwenye nyumba keshamposa, naye keshamkataa, na kumkataa kwa maneno makali. Anayewatembeza wageni vyumbani ni mtunza nyumba, Bi Reynolds, aliyemjua Darcy tangu ana miaka minne. Mama huyu anaeleza, bila kuulizwa sana, kwamba hajapata kusikia neno la ukali kutoka kwa bwana wake, na kwamba maskini wa eneo lile wanamjua kwa wema. Shangazi yeyote wa Tanga angeufunga ushahidi huo kwenye pindo la kanga na kurudi nao nyumbani. Elizabeth anasimama mbele ya picha ya Darcy ukutani na kuanza kuhesabu upya: watu wangapi, wapangaji, watumishi, dada yake mdogo, wamebeba furaha yao au dhiki yao mikononi mwa mtu huyu mmoja?

Hakuna aliyemtuma kuuliza. Hapo ndipo riwaya hii ilipoachana na mazoea yetu, na ndipo iliponikamata. Kwetu mpelelezi ni shangazi, na mwali hukaa ndani akisubiri majibu. Kwa Austen mwali ndiye mpelelezi, anakosea, anarudia, anapima shahidi mmoja kwa mwingine, na mapenzi yenyewe yanazaliwa katika kazi hiyo. Wickham, kijana mtanashati mwenye ulimi wa asali, anamsimulia jinsi Darcy alivyomdhulumu, naye anamwamini kwa sababu msimuliaji ni mzuri wa sura na hadithi imepangika. Darcy aliyekataliwa anamwandikia barua ndefu. Elizabeth anaisoma kwa hasira, anaikunja, anaikunjua tena, anatembea njiani akiipima sentensi kwa sentensi, mpaka inambidi akubali kwamba ule utanashati haukuwa na ushahidi wowote nyuma yake. Sijui riwaya nyingine ambamo kusoma barua mara ya pili kunabadilisha maisha kiasi hicho.

Haya hayakuwa mapenzi niliyoyazoea. Pwani yetu imenywa mapenzi kutoka visima vingine. Kuna kile cha Majnun, ambaye Nizami alimwandika kwa Kiajemi mwaka 1188: Layla anaozwa mtu mwingine, mpenzi anahamia jangwani kuishi na wanyama, na kadiri anavyokonda ndivyo anavyosadikiwa. Kuna kile cha sinema za Kihindi zilizojaza majumba ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na ndani yake Devdas, riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ya 1917 iliyopigwa filamu mara kadhaa, ambamo mwanamume anakunywa pombe mpaka anakwenda kufia getini kwa mwanamke aliyemkosa. Na kuna taarab, ambayo kwayo kupenda ni kuugua, na tabibu ni yule yule aliyekutia maradhi. Katika visima vyote vitatu kumjua mpenzi wako hakuna kazi. Umemwona, umepigwa, basi. Majnun hamchunguzi Layla, na angemchunguza tungemshangaa.

Ila taarab ilinipa kitu kimoja ambacho msomaji wa Kiingereza hulazimika kufundishwa darasani. Aliyelelewa na mafumbo ya kanga na vijembe vya waimbaji, tangu enzi za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, hapati tabu na kejeli ya Austen. Anasema jambo kwa uso mkavu, na aliyekusudiwa analisikia. Bi Bennet akimsifu mgeni, msomaji anajua kuna binti anauzwa. Lady Catherine de Bourgh akija kumwonya Elizabeth asithubutu kuolewa na mpwa wake, mazungumzo yao ni ya wake wenza wanaopishana uani kwa adabu kamili. Nilicheka peke yangu, kicheko nilichozoea kukisikia kwenye shughuli za wanawake, nikiwa upande wa pili wa ukuta.

Pwani ina kisa chake chenyewe ambacho mwandishi yeyote wa mapenzi angekionea wivu. Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa mwaka 1844, alimpenda mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekaa nyumba ya jirani. Agosti 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa na Rudolph Heinrich Ruete huko huko. Miaka mitatu baadaye Ruete alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia mjane mgeni na watoto wadogo. Mwaka 1886 Salme, sasa Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo kuna vyakula, mavazi, elimu ya wanawake, sikukuu, ugomvi wa ndugu, fitina za kasri. Mapenzi yaliyomfanya aache dini, ufalme na lugha yamepewa kurasa chache mno. Anasema walikuwa majirani, kwamba paa la nyumba ya kijana lilikuwa chini ya lake, na anaendelea na mengine. Nilikuwa nikidhani ni haya. Nikiisha kumsoma Austen naona pia kwamba Salme hakuwa na kielelezo: alijua hadithi za wapenzi wanaokufa, naye alikuwa hai, ana watoto wa kulea na karo ya kulipa.

Kielelezo alichokuwa nacho mwanamke wa mwambao ni wasia. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyewasumbua masultani wa Unguja, kwa hiyo hakuwa mama wa kawaida. Anamhimiza binti aridhishe watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume, kisha anaeleza namna ya kumtunza huyo wa tano, jinsi ya kumlaza, kumpepea, kumtii. Uingereza nayo ilikuwa na nyasia zake. Mahubiri ya James Fordyce kwa wanawake vijana, yaliyochapwa 1766, ndiyo anayojaribu kuwasomea mabinti wa Bennet yule kasisi mpumbavu, Bwana Collins. Hafiki ukurasa wa nne, Lydia anamkata kauli kwa umbea.

Austen aliweza kumcheka Fordyce kwa sababu Fordyce alikuwa mwanamume anayewaambia wanawake wawe nani. Mwana Kupona hachekeki kirahisi hivyo. Anayesema ni mama, anamwachia mwanawe silaha pekee anayoijua, na wapo wahakiki waliosikia kejeli ndani ya ule utii uliopitiliza. Mimi naisikia pia, katika mahali pale mume anapotunzwa mfano wa mtoto asiyejua kusema. Wa kumlinganisha naye katika Austen si Fordyce. Ni Lady Russell wa Persuasion, riwaya iliyotoka Desemba 1817, miezi mitano baada ya mwandishi kufariki. Anne Elliot alifiwa na mama, na Lady Russell akachukua nafasi hiyo. Huku kwetu angeitwa somo yake. Anne akiwa na miaka 19 anachumbiwa na Wentworth, kijana wa jeshi la majini asiye na mali, na Lady Russell, kwa mapenzi ya dhati, anamshauri amwache. Anamwacha. Miaka minane baadaye Wentworth anarudi na pauni 25,000 za ngawira za vita dhidi ya Napoleon, na Anne ana miaka 27, amefifia, anapigia wengine kinanda wacheze.

Mwandishi wa siku hizi angemgeuza Lady Russell kuwa mchawi. Austen hafanyi hivyo. Anne mwenyewe, mwishoni, anasema alifanya sawa kusikiliza ingawa ushauri haukuwa sawa. Sentensi hiyo inawakera wasomaji wengi wa Ulaya. Kwa msomaji wa Kiswahili imekaa mahali pake: mtu aweza kumheshimu mkubwa wake na bado akajua kwamba mkubwa alipotea njia.

Fedha sasa, maana Austen haoni haya kuzitaja. Darcy ana pauni 10,000 kwa mwaka, Bennet 2,000, na za Darcy tunaambiwa kabla hatujajua rangi ya macho ya mtu. Ila zinakwenda upande usio wetu. Kwetu mahari hutoka kwa mwanamume. Kule binti ndiye anayekwenda na mali. Kwa hiyo mwindaji katika riwaya ya Kiingereza ni kijana maridadi asiye na kitu: Wickham alijaribu kumtorosha Georgiana Darcy, mtoto wa miaka 15, kwa sababu ya pauni zake 30,000. Mwindaji katika riwaya yetu ni mzee mwenye duka. Yasmin wa Vuta N'kuvute ya Shafi anaozwa Bwana Raza, wa umri wa kumzaa, kwa kuwa wazee wameona mali na jina. India, ambako bibi arusi ndiye anayebebeshwa mali, Austen alipokelewa kama mtu wa nyumbani: mwaka 2000 Sense and Sensibility iligeuzwa filamu ya Kitamil, na 2004 Bi Bennet akahamia Amritsar katika Bride and Prejudice.

Kinachoshangaza zaidi ni sheria. Msiba wote wa familia ya Bennet ni kwamba shamba lao limefungwa lirithiwe na mwanamume tu, na baba ana mabinti watano. Mpelekee kadhi wa Mombasa kesi hiyo, akishaipata kuwa mirathi ya kawaida, ataigawa kabla ya adhuhuri: thuluthi mbili kwa mabinti, thumuni kwa mama yao, na kinachobaki kwa Bwana Collins ikiwa kweli ni wa ukoo wa kiumeni. Riwaya ingekufa sura ya kwanza. Binti wa Mwana Kupona, pamoja na kupepea kote kule, mahari yake ilikuwa yake na urithi wake ulikuwa wake. Elizabeth akiolewa, mali yake ingekuwa ya mume, isipokuwa wazee wameandikishana mikataba ya kuilinda. Uingereza ilianza kulirekebisha hilo kwa sheria za 1870 na 1882.

Haki ya kitabuni haitoshi, na waandishi wa Unguja walilijua hilo. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1976, Rehema na mumewe Sulubu wanalilima shamba mpaka linawafaa, kisha warithi wa baba wanakuja kulidai. Ni mojawapo ya ndoa chache zenye furaha katika riwaya zetu, watu wawili wanaopendana bila maneno mengi huku wakishika majembe, na mwandishi haachi idumu. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani waandishi wetu wa miaka ya 1970 waliona aibu kumpa mtu furaha ya nyumbani wakati dunia iliyomzunguka haijatengemaa. Shafi naye anamtoa Yasmin kwa Raza, anampeleka Ng'ambo kwa Mwajuma, anamkutanisha na Denge aliyerudi kutoka masomoni Urusi, halafu polisi wa mkoloni wanakaa katikati yao. Hadithi haiwafungi wawili hao kwa ndoa. Nilipokuwa shule nililiona hilo kuwa ndilo sahihi. Sasa ninaposoma kurasa ambazo Yasmin anajifunza kumsoma Denge, ukimya wake, kutoweka kwake usiku, natamani Shafi angekaa hapo zaidi kabla ya kuniletea Inspekta Wright.

Kezilahabi ni habari nyingine, na ukali wake unahitaji Austen pembeni ili uonekane sawasawa. Rosa Mistika, riwaya yake ya 1971, husomwa kama onyo kwa wasichana. Mimi naisoma kama kesi dhidi ya baba. Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Pale Elizabeth alipoachiwa barua aisome hata mara tano na kukua kwayo, Rosa anafundishwa kwamba barua ni kipigo; akifika shule, mbali na fimbo, hajui kutofautisha mwanamume na mwanamume. Bwana Bennet ana kosa la upande wa pili: amejifungia maktaba, anawacheka mabinti zake, na anamruhusu Lydia, mtoto wa miaka 15, aende mji wa wanajeshi kwa kuwa kumkatalia kungemletea kelele nyumbani. Baba mmoja amefunga mlango, mwingine hajui mlango uko wapi. Lydia anaokolewa na fedha za Darcy na kuozwa Wickham, adhabu ndefu inayoonekana kama harusi. Rosa anajiua. Kwa Kezilahabi hakuna Darcy wa kulipa madeni, na nisingetaka awepo.

Wapo watakaosema mapenzi ya Pemberley yamejengwa juu ya migongo ya watu wasiotajwa, nao wana haki. Katika Mansfield Park ya 1814 raha ya familia inategemea shamba la Antigua. Fanny Price anauliza kuhusu biashara ya watumwa, na chumba kizima kinanyamaza. Jane Eyre wa Charlotte Brontë, wa 1847, anampata mume baada ya mke wa kwanza kutoka Jamaica kufa usiku nyumba inapoungua, na ilimchukua Jean Rhys wa Dominica mpaka 1966 kumpa mke huyo sauti. Mtu wa visiwa vya karafuu huusikia ukimya wa Mansfield Park kwa sikio jingine. Sisi tulianza na upande huo wa hadithi: Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi, 1978, inamweka Kijakazi, mtumishi, mahali ambapo Austen angemweka binti wa mwenye kasri. Riwaya zetu zilimwona Bi Reynolds kwanza na kumsahau Elizabeth. Kuwasoma wote wawili ndiko kulikonifanya nivumilie yale ambayo kila mmoja ameyaacha.

Ninayemrudia zaidi, hata hivyo, si Elizabeth. Ni rafiki yake Charlotte Lucas, miaka 27, sura ya kawaida, hana fedha. Collins, aliyekataliwa na Elizabeth siku chache tu nyuma, anamgeukia, naye anakubali bila kujidanganya: anataka nyumba. Elizabeth anashtuka, na urafiki wao haurudi ulivyokuwa. Baadaye anamtembelea huko Kent na kukuta mambo yamepangwa kwa hekima ya kimya. Charlotte anamhimiza mumewe ashughulike na bustani, eti kwa afya yake. Amejichagulia chumba cha nyuma kisichopendeza kama kingine, maana angekaa kile kizuri zaidi, mume asingetoka humo. Mwana Kupona angeelewa mara moja.

Austen anampa Charlotte kurasa chache, na mwandishi wa Kiingereza mwenye haraka ya kumfikisha Elizabeth kwa Darcy hakuwa na budi. Ila Lamu, Pangani na Mkunazini zimejaa Charlotte: wanawake walioingia ndoa macho wazi, wakapanga vyumba, wakaanzisha duka la vitenge kwa fedha ya mahari, wakajua saa gani mume yuko baraza na saa gani nyumba ni yao. Riwaya yetu imemwandika mwanamke anayeozwa kwa nguvu, anayetoroka, anayekufa. Huyu bado. Akiandikwa, ningeomba mwandishi asimwonee huruma, na asimlete kijana yeyote aliyerudi kutoka Urusi kuja kumwokoa.